Lifunge Paa Kwanza, Ndipo Tuongee Bei

Hapa Songea hakuna mtu mzima anayenunua gunia la mahindi kwa kusifia uzi lililoshonewa. Mnunuzi anachoma bambo, anamwaga punje kiganjani, anang'ata moja, ananusa. Kwenye vituo vya serikali punje zinapitishwa kwenye mashine ya kupima unyevu, na ukizidi asilimia 13.5 mzigo unarudi kwa mwenyewe akauanike upya. Bibi aliyelima kule Madaba anaanika, hata kama roho inamuuma, kwa sababu ndivyo biashara ilivyo. Halafu tajiri huyohuyo aliyeyapima mahindi ya bibi kwa ukali wote huo, msimu ukimkalia vizuri, anachukua faida na kwenda kununua gari la kufunua paa: jekundu, milango miwili, rimu zinang'aa. Ukaguzi wake wote ni kulizunguka mara moja na kumpa dalali simu ampige picha.

Miezi inapita, gari liko juu ya mawe nyuma ya gereji, na bwana yule anatuambia alipata bahati mbaya. Bahati mbaya gani? Alikuwa na macho, alikuwa na pua, alikuwa na fundi jirani. Hakuvitumia.

Sina ugomvi na gari la wazi lenyewe. Mazda walitoa Roadster mwaka 1989, gari dogo la watu wawili, na kufikia 2016 walikuwa wameunda zaidi ya milioni moja. Anayetaka kupita Mfaranyaki jioni huku upepo unampiga usoni ana haki yake, na anayelikodisha kwa maharusi anatafuta riziki. Ugomvi wangu ni namna tunavyouziwa magari haya, na jinsi tunavyomsaidia muuzaji kutuuzia.

Tazama picha zinazosambazwa kwenye simu. Paa limefunuliwa, jua linawaka, viti vimepakwa dawa ya kung'arisha. Unaona ni uzuri tu, kumbe umeshafichwa sehemu ghali kuliko zote. Paa likiwa limefunuliwa huoni turubai lililochanika, huoni kioo cha plastiki cha nyuma kilichogeuka njano, hujui kama mota ya kulirudisha bado inazunguka au ilikufa tangu bandarini. Ndiyo maana nasema neno la kwanza kumwambia dalali, kabla salamu za nyumbani hazijaisha, liwe moja: lifunge.

Kwenye mengi ya magari haya paa ni mtambo unaojitegemea. Lina mota, mara nyingi pampu na mabomba ya hidroliki, swichi ndogondogo za kuhisi kama mfuniko umekaa, na mipira inayozunguka vioo vyote. Vyote hivyo vinazeeka hata gari likiwa limelala tu. Na adui yao mkubwa ni maji, ambayo sisi huku tunayo kuanzia Novemba hadi Aprili.

Maji yanayoangukia paa la turubai lazima yaende mahali. Yanashuka kwenye mifereji, yanaingia matundu madogo nyuma ya viti, yanapita ndani ya bodi na kutokea uvunguni. Kwenye Mazda Roadster za zamani ugonjwa huu unajulikana dunia nzima: matundu yakiziba, maji yanatuama ndani ya kingo za chini ya milango na kula bati kutokea ndani. Nje rangi inameremeta. Ukibonyeza kwa kidole, kidole kinazama. BMW Z4 ya kwanza, iliyoundwa kati ya 2002 na 2008, ina balaa zaidi. Mota ya kuendeshea paa imewekwa chini kabisa ya shimo ambalo maji yaleyale yanapitia. Mfereji ukiziba, mota inaoga, kisha inakufa. Ni wahandisi wa Ujerumani walioamua kuiweka hapo, wasinilaumu mimi. Sasa jiulize hapa Songea tunaegesha wapi. Chini ya mwembe! Maua, majani na vumbi jekundu vyote vinaingia kwenye tundu lisilopitisha hata penseli, halafu mvua ya kwanza ikinyesha tunashangaa.

Mercedes-Benz SLK, iliyotoka 1996, ina paa la chuma linalojikunja lenyewe na kulala ndani ya buti. Nje ya ukumbi wa harusi watu husimama kulitazama, na mimi pia ningesimama. Lakini linasukumwa na hidroliki, na mipira ya kuzuia mafuta ikishakauka, mafuta yanavuja. Inua kapeti ya buti, pitisha kitambaa cheupe kwenye mabomba, kisha lifungue na kulifunga mara kadhaa mfululizo. Mara moja haitoshi, maana mtambo unaochechemea unaweza kujikaza mara moja mbele ya mgeni. Likikwama katikati, likijipinda upande mmoja, au muuzaji akishuka kulisaidia kwa mkono huku akicheka, umeshapata jibu lako.

Kisha lipeleke kwa vijana wanaoosha magari, na ulipie mwenyewe. Wewe kaa ndani, paa na vioo vimefungwa, vijana wapige maji ya presha kwenye mshono wa paa na kioo cha mbele, kwenye kona za vioo vya milango, nyuma ya viti. Kaa hapo bila haraka. Ukitoka, ingiza mkono chini ya kapeti ya miguuni, pande zote mbili, na unuse. Harufu ya uvundo haifichwi na manukato ya kutundika kwenye kioo. Kwa kweli nikikuta manukato matatu yananing'inia kwenye gari moja najua kuna jambo. Unyevu huo hauishii kwenye kapeti. Kwenye magari mengi ya aina hii visanduku vya kompyuta vimefichwa chini ya viti au ndani ya buti. Porsche Boxster za mwanzo zina kisanduku cha ulinzi wa wizi chini ya kiti, na kikilowa gari linaweza kugoma kuwaka. Utaisukuma Porsche kwenye matope ya Lizaboni, na watoto watakusindikiza kwa nyimbo.

Muuzaji akikwambia gari hili halipendi maji, mshukuru uondoke.

Tuje kwenye ujinga mwingine: herufi. "Bosi, hii ni namba E!" Na bosi anaongeza milioni. Ndugu yangu, herufi kwenye kibao inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Gari lililoundwa mwaka 2003 likishushwa leo bandari ya Dar es Salaam litapewa namba ya leo, kama lililoundwa mwaka jana. TRA hawadanganywi na herufi: gari likipita miaka minane tangu kuundwa wanaliongezea ushuru, likipita kumi wanaupandisha tena. Serikali inahesabu umri kwa mwaka wa kuundwa, wewe unahesabu kwa kibao kilichopigwa misumari juzi. Soma kadi. Linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye kadi na iliyopigwa kwenye bodi, tarakimu kwa tarakimu.

Na kilomita! Gari la miaka ishirini linasomeka kilomita elfu sitini, na mnunuzi anaamini, kwa kuwa amependa. Kurudisha kilomita nyuma si kazi kubwa. Kuwarudisha vijana wanaoijua kazi hiyo kwenye ajira halali ndiyo kazi kubwa. Ushahidi uko kwenye karatasi, ila hatuuombi. Japani gari binafsi likinunuliwa jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na kilomita zake zinaandikwa. Cheti cha kulitoa gari nchini humo nacho huwa na kilomita za ukaguzi. Karatasi ya mnada ina daraja la gari, na likiandikwa R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Kugongwa si dhambi. Dhambi ni kuniambia halijawahi kuguswa. Muuzaji mwenye nakala atazitoa. Asiye nazo, basi auze kwa bei ya mtu asiye na ushahidi, na wewe utazame pedali zilizolika, usukani uliolainika na ukingo wa kiti cha dereva, maana hivyo havirudishwi nyuma kwa kompyuta.

Injini naipitia haraka, kwa sababu hapo mafundi wetu hawana ushamba. Toyota MR-S inabeba injini ya 1ZZ, ileile tuliyoizoea kwenye Wish, Allion na Premio. Zile za miaka ya mwanzo zinakula oili, na masega madogo ya kuchuja moshi yaliyo karibu na injini yakivunjika, vumbi lake linaweza kuvutwa kurudi ndani ya silinda. Hapo umeaga. Rejeta iko mbele, injini iko nyuma ya viti, mabomba marefu ya maji yanapita uvunguni, na fundi asiyejua kutoa hewa kwenye mfumo huo ataliunguza gari akiwa anajiona amelitengeneza. La muhimu kwa gari lolote: fika asubuhi bila taarifa, gusa boneti. Ikiwa ya moto, mwenye gari ameshaliamsha kabla yako ili usisikie linavyokohoa likiwa baridi.

Barabara yetu itakumalizia maswali yaliyobaki. Gari linatoka Dar es Salaam, linakata zaidi ya kilomita 900, linapanda Kitonga kwenye joto, linapita Makambako na Njombe, linateremka kona za Lukumburu, na kuanzia huko linagombania lami na malori ya makaa ya mawe yaliyoichimba mashimo. Juu ya hapo kuna matuta. Gari lenye kimo cha kiganja kutoka ardhini linakwangua kila tuta, na kinachokwanguka ni sampu ya oili. Tena bodi lisilo na paa la kudumu halikazani kama la gari la kawaida. Paa ndilo linaloshika kuta za gari, na likiondolewa chuma cha chini kinabeba kila kitu. Chuma hicho kikiwa kimeoza au kiliwahi kunyooshwa, utaona. Pandisha gurudumu moja la mbele juu ya ukingo wa barabara, kisha fungua na kufunga milango. Mlango ukikataa kukaa, bodi limelegea, na hakuna rangi ya kuliponya. Aliyekwambia gari hilo litakupeleka Mbamba Bay kila wikendi alikuwa anakuuzia ziwa, gari halikuwemo.

Wengine watanijibu kwamba wanaye fundi. Fundi wa nani? Nina hasira na madalali, lakini nina hasira zaidi na fundi anayekula pande zote mbili, anayepokea hela ya ukaguzi kwa mnunuzi na cha juu kwa muuzaji, kisha anatoka uvunguni akijipangusa mikono na kusema "chuma hiki, mzee." Mchukue fundi wako kutoka mtaa mwingine kabisa. Mlipe vizuri hata kama jibu lake ni "usinunue". Hilo ndilo jibu lenye thamani kubwa kuliko yote. Apime kwa mashine kabla ya mtu kufuta taa za hitilafu, aulize spea inapatikana Gerezani kule Dar es Salaam au hadi iagizwe Dubai, na kwa bei gani. Pampu ya paa la Z4 hutaipata katikati ya Soko Kuu la Songea.

Usiniambie sheria itakulinda. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi kinga zaidi anaponunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo. Anayekuuzia gari lake binafsi hana mzigo huo, na kasoro uliyopaswa kuiona ulipolikagua ni yako. Kwa hiyo kila kitu kiandikwe. Kwenye mkataba, mbele ya mwanasheria au mwenyekiti wa mtaa, iandikwe kwamba paa linafunguka na kufungika, kwamba halivuji, kwamba halijagongwa, kilomita ni kadhaa. Muuzaji aweke sahihi chini ya kila aliloapa kwa mdomo. Hapo ndipo utawaona watu wanavyosahau miwani nyumbani.

Deni la faini za barabarani, angalieni, jina kwenye kadi, angalieni, hayo mnayajua.

Na dalali akikupigia simu saa mbili usiku kwamba kuna mtu wa Mbinga anakuja na pesa taslimu, utume japo advansi ya kushikia, mwambie amkaribishe mgeni wake. Wewe utafika asubuhi na fundi wako, injini ikiwa baridi na paa likiwa limefungwa. Gari kama ni zima usiku huu, saa moja asubuhi litakuwa bado ni zima. Kama halitakuwa zima, yule wa Mbinga alichukue, tena kwa bei ya dalali.