Tengeru imejaa mboga, ila mboga sokoni sio mboga mezani

Jumatano na Jumamosi soko la Tengeru, nje kidogo ya jiji la Arusha, hujaa ndizi, parachichi, mnavu na nyanya chungu. Eneo hilohilo lina TARI Tengeru, kituo cha utafiti wa mazao ya bustani, na World Vegetable Center. Ni rahisi kudhani utapiamlo ni shida ya watu wa mbali.

Takwimu zinasema vingine. Utafiti wa kitaifa wa afya (TDHS) wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Walioongoza? Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayosifika kwa kulima chakula.

Sababu inaeleweka. Mayai, maziwa na mboga ndivyo vinavyoleta hela ya haraka, kwa hiyo vinakwenda sokoni. Mama anashinda shambani au gengeni, na mtoto anaachiwa uji mweupe wa mahindi.

Kila umri na mtego wake

- Miezi 0–6: maziwa ya mama pekee, hata maji hapana.
- Miezi 6–24: uji peke yake hautoshi. Anahitaji yai, dagaa wa kusaga, maharage, parachichi. Udumavu wa kipindi hiki ni mgumu kurekebisha.
- Binti na mjamzito: adui ni upungufu wa damu, unaogusa takriban wanawake 4 kati ya 10 nchini. Kuwahi kliniki na kumeza vidonge vya kuongeza damu kunasaidia.
- Mtu mzima: chipsi na soda kila siku nazo ni lishe duni. Zaidi ya wanawake 3 kati ya 10 wana uzito uliozidi.
- Mzee: meno yameisha, anashindia chai na mkate, na ni nadra mtu kumpima uzito.

Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mkono wake wa juu una mzunguko chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali. Huyo ni wa kupelekwa kituo cha afya leo, sio wa kusubiri.

Shilingi 1,000 inafika wapi?

Septemba 2022 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe na Rais Samia. Halmashauri zinatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto chini ya miaka 5. Hiyo ni bei ya mayai mawili au matatu.

Haikukusudiwa kumlisha mtoto. Ni ya huduma kama upimaji, matone ya vitamini A na elimu ya lishe. Ila hesabu yake inaanza na kuishia kwa watoto wadogo. Binti wa miaka 15 na bibi yake hawamo.

Kwa hiyo kwenye mkutano wa kijiji maswali ni mawili: hela ya lishe imetoka yote? Na nani amepimwa?

Jibu la nyumbani halisubiri bajeti. Kabla mzigo haujapakiwa kwenda sokoni, fungu moja la mnavu na mayai mawili yabaki jikoni.