FUNDI WA STIMA HAPATIKANI KWA SIKU MOJA

Kijana amalizapo shule na kumwona fundi wa stima akilipwa vizuri kwa kazi ya saa mbili, hutamani kuishika kazi hiyo mara moja. Haioni miaka iliyozitangulia saa hizo mbili.

Katika Kenya sheria ya mwaka 1960 iliweka njia ya uanagenzi. Mwanagenzi hufunga mkataba na mwajiri. Mwajiri huahidi kumfundisha na kumlipa mshahara mdogo. Kijana naye huahidi kutumika kwa bidii mpaka muda uishe. Siku hizi mambo hayo husimamiwa na NITA, ambayo pia huwatahini mafundi kwa madaraja matatu, kuanzia la tatu hadi la kwanza.

Miezi ya mwanzo huwa ya kushika ngazi, kukata mabomba ya nyaya na kufagia. Wengi hukata tamaa hapo. Lakini mwenye macho hujifunza. Humwona fundi wake akizima swichi kubwa, kisha, kabla ya kugusa waya, huijaribu testa mahali penye stima, huitia kwenye waya ule, halafu huijaribu tena penye stima. Mara tatu kwa waya mmoja! Afanya hivyo kwa sababu testa mbovu huonyesha usalama mahali penye mauti.

Baadaye huja hesabu. Birika la wati 2,400, kwa stima ya volti 240, huvuta ampea 10. Waya mwembamba uliokusudiwa taa ukitwikwa mzigo huo hupata moto ndani ya ukuta, wala hapana auonaye. Na fyuzi ikibadilishwa kwa kipande cha msumari, mlinzi wa nyumba ameondolewa.

Jaribu kubwa humjia mwanagenzi akiisha kujua nusu ya kazi. Jirani humwita, "Mwanangu, njoo Jumamosi unitilie stima, nitakulipa." Ili kupunguza gharama, waya wa athi huachwa. Taa zitawaka, na mwenye nyumba atafurahi. Lakini kuwaka kwa taa si ushahidi wa kazi njema. Waya wa athi huonekana hauna kazi mpaka siku stima itakapovuja katika chuma cha pasi, na mama wa nyumba ameishika mkononi.

Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 yataka afanyaye kazi hiyo awe na leseni, itolewayo na EPRA. Basi kijana mwenye busara hujibu, "Mzee, leseni bado sina. Nitamwambia fundi wangu, tuje pamoja."

Mzazi naye asimhimize mwanawe kuuacha mkataba kwa tamaa ya shilingi za Jumamosi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.