Uchawi Bila Uchovu Ni Bure Tu

Wasee wa Dungeons & Dragons, leo mtanivumilia. Hesabu ya uchovu wa mchawi kwa huu mchezo wetu hainiingii akilini.

Mchawi wa kiwango cha 5 ana nafasi 2 za kurusha mpira wa moto. Kila mpira ni dadu 8 za pande 6, wastani wa pointi 28 za madhara. Anachoma chumba kizima na hata jasho halimtoki. Analala saa 8, kesho anaanza upya.

Sasa njoo soko la ndizi hapa Mitunguu. Mbebaji hahesabu kwamba amebakisha mikungu miwili. Mgongo ndio humwambia. Akiongeza mmoja juu kwa sababu lori linaondoka, kesho ataulipia.

Shadowrun ililiona hili tangu 1989: uchawi unamrudia aliyeurusha, na dadu zikimkataa, anaumia. Hata wazee wa Imenti walijua nguvu ina masharti. Mkono wa kushoto wa Mugwe, kiongozi wao wa kiroho, ulifichwa, ukatumika kubariki tu.

Sisemi tuhame mchezo. Tuongeze sheria moja: nafasi zikiisha, mchawi aruhusiwe kurusha tena, lakini kwanza dadu ipime mwili wake. Akifeli, anapata kiwango kimoja cha uchovu. Na kitabu kinasema cha 6 ni kifo.

Haya: rafiki yako ameanguka, nafasi huna, uchovu uko 5. Utarusha?

Huo ndio mchezo, bana. Kuhesabu nafasi ni kazi ya keshia.