Mambo ya Nyumba: Kula Mjini na Kula Njiani

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya tumbo, wala msidhani kwamba tumeishiwa na mambo ya maana. Walimu wetu huitwa kwenye semina Dodoma na Dar es Salaam, wazazi huwapeleka watoto katika shule za mbali, wagonjwa hupelekwa Muhimbili pamoja na ndugu wa kuwauguza, na kila mmoja wao, akiisha kushuka katika basi, hana budi kuuliza, “Nile wapi?” Jibu analopewa ni lile lile: “Nenda hoteli fulani, ndiyo yenye sifa.” Nasi tumekula katika hoteli kadha wa kadha zenye sifa, hapa Songea na nje ya Songea, tukaona kwamba sifa nyingi ni za jengo, wala si za chungu.

Hatusemi kwamba hoteli ni kitu kibaya. Mwenye hoteli hulipa kodi ya nyumba, leseni, umeme na mishahara ya watumishi. Na akiwa amesajiliwa hutoza pia kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kawaida ni shilingi 18 kwa kila shilingi 100. Hayo yote huingia katika sahani yako. Kitambaa cha meza umekilipia, kioo cha dirisha umekilipia, hata televisheni ipigayo kelele juu ya kichwa chako umeilipia. Mtu akiyataka hayo, na ayanunue kwa amani. Lakini mwalimu mwenye watoto wanne nyumbani na posho ya siku tatu mfukoni, yampasa ajue ni kiasi gani cha fedha yake kinachonunua chakula, na ni kiasi gani kinachokodi kiti.

Tuanze na njia, maana huko ndiko fedha ya msafiri inakopotea upesi kuliko mahali pengine. Atokaye Songea kwenda Dar es Salaam hupita Njombe hata Makambako, mwendo wa kilometa kama 300, ambako barabara yetu yakutana na barabara kuu itokayo Zambia; na safari bado ni ndefu. Tangu mwezi wa Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, basi wengine hushushwa wale saa ambayo hata kuku wamelala. Basi husimama mahali alipopachagua dereva. Utingo hupiga kelele, “Dakika kumi, abiria!” Watu mbio. Unalipa kwanza ndipo unaiona sahani: chips zilizokaangwa tangu asubuhi, paja la kuku lililokauka kama kuni, na kachumbari vijiko viwili. Ukiuliza bei, utadhani umenunua kuku mzima pamoja na banda lake. Hujamaliza kutafuna honi inalia.

Husemwa kwamba katika nyumba nyingi za namna hiyo dereva na wenziwe hula bila kulipa. Hatushangai. Lakini sababu ya ubovu wa chakula kile si hiyo peke yake. Sababu kubwa ni kwamba mlaji wa pale hawezi kwenda penginepo, na kesho hatarudi. Mpishi wake hana haja ya kumpendeza. Akikasirika leo, atakasirikia Morogoro, na mahali pake watakaa wengine arobaini wa basi lijalo.

Sasa mfikirini yule mama apikaye kando ya soko. Wala chakula wake ni wachukuzi, mafundi cherehani, vijana wa bodaboda na wenye maduka. Watu hao walikuwapo jana na kesho watakuwapo. Maharage yakichacha leo, kesho hawaji, na chungu chote kitambakia mwenyewe na watoto wake. Hana ubao wa jina mlangoni wala hana tangazo, ana ulimi wa watu tu, nao ni hakimu mkali. Kwa hiyo hupika kadiri ya wateja wake, na ifikapo saa nane sufuria zimekwisha kuoshwa. Ndiyo maana sisi twasema: ukitaka kujua mahali pa kula katika mji usioujua, usiulize hoteli gani ina sifa. Uliza wachukuzi wa sokoni wanakula wapi, kisha uende kabla ya saa saba.

Kwa njiani dawa ni nyingine, nayo ni ya kale: chukua chakula chako. Viazi vitamu vya kuchemsha, mihogo, mayai yaliyochemshwa yakaachwa katika maganda yake, karanga za kukaanga, ndizi. Usichukue wali wa nazi wala mchuzi, kwani vitaharibika kabla hujafika Iringa. Mama zetu walifanya hivyo bila kufundishwa. Sisi tuliosoma ndio tunaoona haya kufungua kifurushi mbele ya watu.

Na ukifika Dar es Salaam? Mji ule una hoteli za pwani ambazo samaki mmoja huuzwa kwa fedha ya kumlisha mtu juma zima, kwa kuwa dirishani bahari yaonekana. Bahari ile ile yaonekana bure pale Feri, penye soko la samaki lililojengwa kwa msaada wa Wajapani likafunguliwa mwaka 2002. Pale waweza kumchagua samaki mwenyewe, mwenye macho maangavu na mashavu mekundu kwa ndani, ukampeleka kwa wakaangaji walio papo hapo, akakaangwa unamtazama. Patana bei kwanza, ya samaki na ya kukaanga, maana mgeni wa bara hujulikana kwa viatu vyake. Kelele ni nyingi, sakafu ina maji, na harufu haifichiki. Lakini samaki ni samaki.

Kwa chakula cha kila siku mjini, nenda kwa mama ntilie. Wengine siku hizi husema mama lishe, nalo ni jina la adabu zaidi, bali jina la zamani lina ladha yake, kwa kuwa limetoka kinywani mwa mwenye njaa anyoshaye sahani: “Mama, nitilie.” Kina mama hawa waliongezeka sana mijini katika miaka ya shida ya 1980 na kuendelea, mishahara ilipokuwa haifiki mwisho wa mwezi, na wake wa makarani na wa wafanyakazi wakaona heri kuinjika sufuria mbele ya nyumba kuliko kungoja. Serikali ya siku zile haikuwapenda. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya Nguvu Kazi, na wachuuzi wengi wa Dar es Salaam wakakamatwa kama watu wasio na kazi. Wasio na kazi! Mtu aamkaye saa kumi alfajiri kuchambua mchele! Hata leo hufukuzwa mara kwa mara mahali hapa na pale, sufuria zikachukuliwa. Na wale wale wawafukuzao asubuhi, mchana huwatafuta, maana nao wana matumbo.

Hapa tumefika penye neno lenyewe. Kinachowapeleka walimu wetu hotelini si utamu, ni haya. Mwalimu aogopa kuonekana na mwanafunzi wake ameketi juu ya benchi, sahani magotini, karibu na mchukuzi. Aona kwamba heshima yake itapungua. Basi hulipa mara tatu, akala vibaya, na mwisho wa mwezi hukopa dukani kwa jina la mkewe. Sisi twauliza: heshima ya mwalimu yakaa wapi, katika kiti alichokalia saa sita mchana, au katika daftari ya deni dukani? Tena tumeona kwa macho yetu, mahali tusipopataja, mtumishi wa hoteli akitoka kwa mlango wa nyuma na bakuli, akavuka njia, akanunua maharage kwa mama wa ng'ambo, akarudi akayatia katika sahani nyeupe. Walaji waliyasifu mno maharage ya hoteli ile.

Haya hiyo huwadhuru hata wageni wetu. Kila mwezi wa Februari watu wengi huja Songea kwa kumbukumbu ya mashujaa wa Majimaji, walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Huzuru makumbusho na makaburi, kisha huuliza habari ya chakula. Nasi twawapeleka wapi? Kwenye chips na kuku wa kisasa, vile vile walivyoviacha Dar es Salaam, ila vya kwetu vimechelewa zaidi kutoka jikoni. Vita ile ilifuatwa na njaa kuu, kwa maana Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya nafaka, na wazee wetu walikufa kwa kukosa hicho hicho tunachoona haya kumwandalia mgeni. Leo Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayotoa mahindi mengi nchini, na mgeni huondoka hajaonja ugali wa Songea.

Mwandalieni vya kwetu. Kuna dagaa wa Nyasa, ambao siku hizi hufika upesi kwa kuwa lami imefika hata Mbamba Bay. Kuna mbasa, samaki mwenye minofu mizito, ambaye hutoka ziwani akapanda mto Ruhuhu kutaga mayai. Wakati huo tusimsumbue, maana anayewala wenye mayai leo anakula na wa mwakani. Kuna maharage ya Mbinga, yanayolimwa na Wamatengo juu ya matuta ya ngoro, vile vishimo vinavyopangwa mlimani kama sega la nyuki ili mvua isichukue udongo. Wataalamu wa kilimo wametoka mbali kuja kuyatazama, na sisi twayala maharage yake bila kujua kwamba ni ya ajabu. Kuna kisamvu, na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Wakati wa masika uyoga wa miombo huuzwa kando ya njia, nao ukinunua kwa mama anayejulikana na kuupika siku ile ile, hutatamani nyama.

Na kahawa! Hapa twakasirika kidogo, mtuwie radhi. Mbinga ni kilometa kama 100 tu kutoka hapa, na kahawa yake huvuka bahari kunywewa na watu wa mbali. Ingia katika hoteli ya mjini uagize kahawa: utaletewa maji ya moto na kopo la unga, pamoja na kijiko. Kumbe kwa wazee wauzao kahawa ya birika barazani, kikombe kidogo na kashata kando yake, utapata kahawa iliyotwangwa na kuchemshwa, kwa bei ambayo hata mwanafunzi aweza kulipa.

Lakini tusije tukawasifu kina mama hata tukawaponza wasomaji. Wako wachafu miongoni mwao, kama walivyo wachafu jikoni mwa hoteli, tofauti ni kwamba jiko la hotelini halionekani. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam kikaenea katika mikoa mingi, na watu walijifunza kwa machozi habari ya maji na mikono. Basi kabla hujaketi, tazama. Je, maji ya kunawa yanamiminwa, au wote wanatumbukiza mikono katika bakuli moja? Sahani zinaoshwa kwa maji ya namna gani, nayo hubadilishwa? Chakula kinatoka motoni kikiwa na mvuke, au kimekaa wazi na nzi wake? Shirika la Afya Duniani lilitoa mafundisho yake matano ya usalama wa chakula mwaka 2001, na moja lao ni hili, kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila moto wala baridi. Angalieni zaidi wali. Wali uliolala nje hufanya sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha moto tena. Mama akikuambia, “Mwanangu, wa leo umekwisha, umebaki wa jana,” mshukuru kwa kusema kweli, ukale ndizi.

Mafuta nayo yana shahidi wake. Yakiwa meusi na yenye povu, yamekaanga mengi kabla yako. Ondoka, hata kama meza ni ya vigae.

Tena iko siku ambayo hoteli yafaa. Ukiwa na mgonjwa anayehitaji choo karibu na mahali pa kulala kidogo, au una neno la siri la kusema na mtu, au mvua yanyesha na mtoto ana homa, lipa kiti bila kunung'unika. Na nyumba za wageni za makanisa, ambazo ziko karibu katika kila mji mkubwa, mara nyingi hutoa ugali, mboga na maji yaliyochemshwa kwa bei ya kiasi. Waweza kuuliza hata kama hulali hapo.

Walimu wanaokwenda semina, tuandikieni mkirudi: mlikula wapi, kwa shilingi ngapi, na maji ya kunawa yalikuwaje. Msitutajie hoteli zilizowaudhi, maana hatutaki ugomvi. Tupeni mtaa na saa ya kwenda kwa kina mama waliowashibisha, nasi tutazichapa mwezi ujao kwa faida ya wale watakaosafiri shule zifungwapo.