Divai Nyekundu ya Bonde la Ahr

Watu wengi wakitajiwa divai ya Ujerumani huifikiria ile nyeupe yenye utamu. Hata hivyo, magharibi mwa nchi hiyo, mto Ahr unapotelemka kuelekea mto Rhein, liko bonde jembamba ambalo sehemu kubwa ya mizabibu yake huzaa zabibu nyeusi. Inayoongoza ni Spätburgunder, ambayo Wafaransa huiita Pinot Noir.

Miteremko ya bonde hilo ni mikali, na mahali pengi kazi ya kupogoa na kuvuna hufanywa kwa mikono. Mawe yake hushika joto la jua mchana na kulitoa usiku; ndiyo maana zabibu hizo huweza kuiva katika nchi ya baridi. Mashamba mengi ni madogo, ya urithi wa jamaa. Mwaka 1868 wakulima wa kijiji cha Mayschoß walianzisha chama cha ushirika ili wauze kwa pamoja.

Maji ya zabibu hizo karibu hayana rangi. Wekundu hutoka katika maganda, ambayo huachwa ndani wakati wa kuchachuka. Chachu hula sukari na kuigeuza kuwa kileo. Sukari ikikaribia kwisha, divai huwa kavu, yaani si tamu. Chupa ya namna hiyo huandikwa neno "trocken", na kwa sheria sukari iliyobaki haipaswi kuzidi gramu 9 kwa lita. Mnunuzi atafute pia neno "Gutsabfüllung", lenye maana kwamba mwenye shamba ndiye aliyeitia divai yake chupani.

Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Julai 2021, mto Ahr ulifurika. Zaidi ya watu 130 walipoteza maisha bondeni humo, na maghala ya divai yakajaa matope. Chupa zilizosalimika ziliuzwa zikiwa na matope yake, na zaidi ya euro milioni 4 zikapatikana kwa ajili ya kuwasaidia wakulima. Jamaa nyingi zilianza upya kwa fedha hizo na kwa jasho la wageni waliokuja na majembe.

Chupa yenye kizibo cha gome ilazwe mahali penye giza na ubaridi, ili kizibo kisikauke. Divai hiyo inywewe ikiwa na joto la nyuzi 14 hadi 16, pamoja na nyama ya kuchoma, bata au uyoga. Iliyobaki izibwe vizuri na itumike katika siku mbili tatu. Ya mwisho yafaa kutiwa katika mchuzi wa nyama. Watoto na mama wajawazito wasiionje.

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mkulima aliyeandika jina la ukoo wake juu ya chupa anajua kwamba akifanya hivyo, aibu ni ya nyumba nzima.