Si Kweli Kwamba Mafuta Yakipanda Tunaumia Sote

Kila bei ya mafuta inapopanda, kuna maneno yanayorudiwa na kila mtu. Utayasikia redioni, kwenye daladala, mpaka bungeni: "Hili ni janga la dunia, tunaumia sote." Husemwa kwa nia njema, watu wapate kutulizana. Mimi nayapinga kwa moyo wote. Si kweli, na wanaolipia uongo huu nawajua kwa sura.

Jumanne moja usiku nilikuwa kwenye foleni ya sheli hapa Dar es Salaam. Ulikuwa mkesha wa Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ambayo bei kikomo mpya za EWURA, mamlaka ya nishati na maji, huanza kutumika, na mji mzima ulishajua kwamba zinapanda. Mbele yangu palikuwa na gari kubwa la dizeli. Mwenyewe alishusha kioo akasema neno moja: "Jaza." Pampu ikahesabu mpaka ikapita lita 80. Mimi nikajaza nusu tangi, ndiyo pesa niliyokuwa nayo. Nyuma yangu akasogea kijana wa bodaboda. Alifungua kifuniko cha tangi, akaitikisa pikipiki huku ameinamisha sikio asikie wese lililobaki, kisha akatoa noti ya elfu mbili. "Ya hiyo, dada." Pampu ilianza na kusimama kabla sijafunga mkanda.

Nilimuuliza kwa nini asiongeze, na kesho bei inapanda. Akanijibu kwa upole, "Najua, kaka. Hesabu ya bosi bado haijatimia."

Hesabu ni fedha anayompelekea mwenye pikipiki kila siku, apate abiria asipate. Usiku ule wote watatu tulikuwa na habari ileile. Mwenye gari kubwa aliigeuza kuwa akiba ya wiki nzima na zaidi. Kijana yule hakuwa na cha kuifanyia.

Sasa tazama ndege, maana wengi huamini kwamba huko juu ndiko kilio kilipo kikubwa zaidi. Ni kweli kwamba mafuta ni mzigo mzito kwa shirika la ndege, kwa kawaida robo hadi theluthi ya gharama zake zote. Ni kweli pia kwamba faida yao kwa kila abiria ni ndogo, na mashirika mengi yamekufa kwa sababu ya mafuta. Sibishani na hilo. Ila shirika la ndege lina milango ya kutokea, na mlango wa kwanza ndio uleule wa mtu aliyesema "Jaza".

Shirika linaweza kufunga bei mapema, yaani kuingia mkataba leo kwa mafuta litakayotumia mwakani au baadaye zaidi. Julai 2008, pipa lilipofika dola 147, Southwest ya Marekani ilikuwa imejifungia karibu asilimia 70 ya mahitaji yake kwa bei ya dola 51 hivi kwa pipa. Wenzake wakipunguza safari, yeye alikuwa anapumua. Mwaka 2012 Delta ilikwenda mbali zaidi, ikanunua kiwanda cha kusafishia mafuta huko Pennsylvania kwa dola milioni 150. Kuna shirika la ndege linalonunua kiwanda, na kuna mtu anayenunua mafuta yasiyofika hata lita mbili.

Mlango wa pili ni abiria. Ukipata tiketi yako ya kimataifa, tazama mchanganuo wa malipo. Mara nyingi utakuta herufi YQ au YR. Kwa kawaida hubeba nyongeza ya mafuta, na mafuta yaliposhuka yapo mashirika yaliyobadili jina la tozo hiyo na kuendelea kuitoza. Bodaboda hana YQ. Kutoka kituoni hadi mtaani kwetu ni buku. Akisema buku jero, abiria anaufunga mtandio vizuri, anatembea kwa miguu. Daladala nayo inangoja LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini: nauli ya safari fupi jijini ilitoka shilingi 400 hadi 500 mwaka 2022, ikafika 600 Desemba 2023. Anayelipa ile mia ni mama anayewahi kufungua genge, naye hana pa kuirudishia isipokuwa kwenye bei ya nyanya zake.

Kuna atakayesema kwamba kufunga bei ni kamari, na wapo walioungua. Kweli kabisa. Kenya Airways ni mfano ulio karibu nasi. Pipa lilianguka kutoka zaidi ya dola 100 katikati ya 2014 hadi chini ya dola 30 Januari 2016, na shirika likajikuta limejifunga kwa bei za juu. Pamoja na madeni ya ndege mpya na matatizo mengine, mwaka wa fedha ulioishia Machi 2016 lilipata hasara ya shilingi za Kenya bilioni 26.2. Kisha nini? Mwaka 2017 madeni yaligeuzwa hisa, serikali ikashika asilimia 48.9 na mabenki asilimia 38.1, na ndege zikaendelea kuruka. Siwalaumu Wakenya kwa kuliokoa shirika lao. Maelfu ya ajira yalikuwa hatarini. Nauliza tu, bodaboda akikosea hesabu yake ya mafuta kwa wiki mbili, nani anayegeuza deni lake kuwa hisa? Bosi anakuja kuchukua pikipiki.

Lakini kinachoniuma kuliko yote ni mafuta ya taa. Mafuta ya ndege, yale yanayoitwa Jet A-1, ni mafuta ya taa yaliyosafishwa kwa viwango vikali zaidi. Ni ndugu wa damu wa yale yanayomwagwa kwenye koroboi. Kifungu cha 24 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinayaepusha na ushuru mafuta yaliyomo ndani ya ndege inayotua kutoka nchi nyingine, na mikataba ya anga baina ya nchi imepanua msamaha huo hadi mafuta yanayojazwa uwanjani. Kwenye koroboi mambo ni mengine. Mwaka 2011 Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400 na ushei kwa lita ili kukomesha uchakachuaji. Kenya nayo mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita kwa sababu hiyohiyo. Waliokuwa wanachanganya mafuta ya taa na dizeli walikuwa wafanyabiashara. Adhabu ikamwangukia mwenye taa.

Ukiamini kwamba tunaumia sote, dawa utakayotoa itakuwa ya sote, na ndivyo ilivyokuwa. Juni 2022 serikali yetu ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili bei ishuke kwenye pampu. Ilisaidia, na nilishukuru. Lakini kila shilingi 100 iliyopunguzwa kwa lita ilimwachia mwenye tangi la lita 80 shilingi elfu nane, na yule kijana, hata angenunua lita mbili, angeachiwa 200. Aliyekuwa na nafuu ndiye aliyesaidiwa mara arobaini na zaidi.

Njia ya kumfikia yule kijana ipo, tena haihitaji ofisi mpya. Pikipiki ya abiria inatakiwa kuwa na leseni ya LATRA na namba inayoanza na MC. Laini yake ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Anapokea na kutuma fedha kwa simu hiyo kila siku, pamoja na ile hesabu ya bosi. Bei ikiruka tena, elfu moja ya ruzuku kwa siku inaweza kuingia kwenye simu yake asubuhi, kabla hajafungua kifuniko cha tangi, na mwenye lita 80 akalipa bei ya pampu kama ilivyoandikwa.