Mhandisi uliyeingia shambani, hiyo MBA ni ya nini?

Leo siandiki habari za kantangaze wala mbolea. Naandikia kundi moja ambalo naona linaongezeka huku kwetu: vijana waliosoma uhandisi, wa umwagiliaji, mitambo, ujenzi, hata umeme, ajira ikachelewa au mshahara haukutosha, wakaingia kwenye nyanya, vitunguu na hoho. Wanalima vizuri kabisa. Halafu baada ya misimu miwili mitatu wanakuja na swali lilelile: "Bwana shamba, nikasome MBA?"

Jibu langu ni hili. Kama unataka kupanda cheo kazini, nenda. Kama unaenda ili shamba liache kukupa hasara, subiri kwanza, leta hesabu za misimu mitatu ndio tuongee. Najua kuna watakaonuna.

Mpe mhandisi wa umwagiliaji ekari moja ya nyanya, mwambie wakati wa jua kali inatumia milimita 6 za maji kwa siku. Atakwambia hapohapo ni lita 24,000 na ushee. Atakupangia pampu, kipenyo cha bomba, tenki likae juu kiasi gani, na mche wa mwisho wa mstari utapata maji sawa na wa kwanza. Sasa muulize huyohuyo: tenga moja la nyanya limekugharimu shilingi ngapi mpaka linapakiwa kwenye gari? Kimya. Au atakutajia mbegu, mbolea, dawa na vibarua, basi.

Na pampu je? Tuseme ulinunua pampu na mipira yake kwa milioni 3, vitadumu miaka 5, na unalima misimu miwili kwa mwaka. Hiyo ni misimu 10. Kila msimu umekula laki 3 ya vifaa hata kama hujatoa senti mfukoni siku hiyo. Ukisema umepata faida ya laki 4, ukweli umepata laki moja, na bado hujajilipa mwenyewe kwa miezi yote uliyoamka saa kumi na moja alfajiri. Mhandisi anajua chuma kinachakaa, amefundishwa na kufanyiwa mtihani. Ila kwenye daftari lake pampu haichakai kabisa! Hili huwa linanishangaza.

Kingine ni bei. Darasani umezoea kwamba ukirekebisha mfumo, matokeo yanakuwa mazuri. Maji sahihi, mbolea sahihi, mavuno juu. Sokoni mambo hayaendi hivyo. Nyanya za Ilula zikikutana Ilala na za Morogoro wiki moja, mavuno yako mazuri ni sehemu ya tatizo, maana kila mtu kavuna. Nimeona vijana wanarudi shambani kuongeza presha ya mipira wakati kilichowaangusha ni tarehe ya kusia mbegu na kutokuwa na mtu wa kumuuzia zaidi ya dalali wa getini.

Mtaniuliza, sasa si ndiyo hayo yanayofundishwa MBA? Ndiyo, mengi yamo. Gharama, masoko, mzunguko wa fedha, kusimamia watu. Vyuo vipo: Mzumbe, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na SUA pale Morogoro wana MBA ya upande wa biashara ya kilimo. Sivibezi hata kidogo. Ninachogombana nacho ni kipi kinatangulia.

Angalieni fani yenu wenyewe. Ukitoka chuo na digrii ya uhandisi, Bodi ya Usajili wa Wahandisi haikupi usajili wa mhandisi mtaalamu siku hiyohiyo. Unafanya kazi kwanza chini ya mhandisi mzoefu. Mpango wao wa SEAP ni miaka 3 ya vitendo. Mnakubali bila ubishi, kwa sababu jengo likianguka linaua watu. Mbona kwenye biashara mnataka darasa peke yake limalize kila kitu?

Halafu kuna gharama ambayo haiko kwenye fomu ya chuo. Kijana mmoja wa huku anataka kuuza pampu ya sola na mipira ya ekari mbili ili alipe ada ya mwaka wa kwanza. Tulikaa tukapiga hesabu. Ada ni sehemu tu. Juu yake weka misimu mitatu au minne ambayo ekari hizo hazitamwagiliwa, nauli na chumba mjini, na yule mteja wa hoteli aliyemtafuta kwa shida, ambaye hatamsubiri miaka miwili. Hajaamua mpaka leo ninapoandika. Pampu ipo, na fomu ipo.

Wengine wananitajia Tim Cook wa Apple. Mhandisi wa viwanda, akachukua MBA chuo cha Duke mwaka 1988, tazama alipofika. Sawa. Lakini wakati anasoma alikuwa mwajiriwa wa IBM tangu 1982. Mshahara unaingia, na juu yake kuna ngazi ndefu ya vyeo. Wewe ngazi yako iko wapi? Kama uko kwenye kampuni ya miwa, chai au maua, au mradi mkubwa wa umwagiliaji, ufundi umeshaumudu, na kwenye vikao wakuu wanaongea bajeti wewe unaongea koki na presha, hapo MBA ina kazi. Nenda, tena usichelewe. Vilevile mwenye shamba lililomzidi, ana wafanyakazi 20, mikataba na mkopo mkubwa benki, huyo ana maswali ya kupeleka darasani.

Wewe wa ekari mbili anza na daftari. Kila kinachotoka, tarehe na kiasi, pamoja na uchakavu wa vifaa na posho yako. Siku moja kwa mwezi nenda sokoni bila mzigo, kaa na wanunuzi, andika bei. Mlipe mhasibu wa mjini akufundishe jumamosi mbili, ni bei ya mifuko michache ya mbolea.

Na ukifika wakati wa kwenda chuo, tafuta ratiba ya jioni au wikiendi, umwachie mtu shamba kwa makubaliano ya maandishi. Uliza mapema kama utafiti wa mwisho unaweza kuufanyia kwenye mnyororo wa zao lako. Wakikubali, nenda na yale madaftari ya misimu mitatu.